Kiprogramu Kilichosema Karibu

Kilichomshtua kwanza mama yule mwandishi wa programu ni mstari wa kijani uliopanda kwenye skrini. Maana yake kuna mtu alikuwa anakiita kiprogramu chake cha majaribio, na anwani yake hakuwahi kumpa mtu.

Alifanyia kazi nyumbani, chumba cha uani, binti yake mdogo akicheza sebuleni. Seva hakuwa nayo. Kila alichotaka kijengwe alikiandika kwenye faili, akatoa amri, na kompyuta za kukodi huko mbali zikakijenga zenyewe. Hiki cha majaribio kilikuwa na kazi moja tu: anayekiita, kinamjibu "Karibu."

Akakifuta. Skrini ikasema kimefutika, kisha mstari ukapanda palepale, na chumba kikaanza kunuka nywele zilizoungua.

Sebuleni mtoto akacheka, mstari ukapanda. Akanyamaza, ukashuka.

"Unaongea na nani, mwanangu?"

"Na mgeni wako. Anasema usimfute tena, anaumia."

Akatambaa na ukuta hadi kwenye simu, akampigia shangazi yake aliyezoea kutoa majini, huku nyuma yake kitu kikiparuza ndani ya kompyuta kama kucha kwenye bati.

Shangazi alifika bado jua linawaka. Akaketi mbele ya skrini. "Nani kakuleta humu?"

Spika zikakoroma. "Nilibisha. Nikaambiwa karibu."

"Umesikia?" shangazi akanong'ona. "Mimi siwezi kumtoa aliyekaribishwa. Uliyemkaribisha ni wewe. Badilisha neno lako."

Akafungua faili, akafuta lile neno, akaandika "Toka," akatoa amri, na hapo nyaya zikalia, madirisha yakatikisika, sauti isiyo ya mtu wala ya mnyama ikapita ukutani kutoka kona hadi kona ikielekea mlango wa sebuleni, ikapotea.

Mstari ukalala. Harufu ikakata.

"Kwenye mashine hayumo tena," shangazi akasema, akijifuta jasho.

Mama akakimbilia sebuleni. Mtoto alikuwa amesimama katikati ya zulia, kanyoosha mikono abebwe. Akamshika kwapani, akamwinua.

Hakuinuka.

Akajaribu tena kwa nguvu zake zote, mpaka mgongo ukalia. Mtoto akamtazama tu, anatabasamu.

"Shangazi," mama akanong'ona bila kugeuka, "njoo unisaidie kumbeba."