Bretele, Uko Wapi?

Walikutana kwa ugomvi, mbele ya beseni la samaki, katika soko la Kikula, siku ambayo kampuni ya migodi ilikuwa imelipa mishahara na Likasi nzima imemwagika sokoni. Émérence alikuwa amefunga kitenge cha kijani chenye picha za funguo, kilemba kimelala upande, na mikono yake ilinuka ziwa la Tshangalele. Lambert alikuwa ametoka kazini, suruali yake pana kuliko kiuno, imeshikiliwa na bretele nyekundu, zile kanda za mabegani walizovaa Wabelgiji zamani.

"Mama, hii samaki ilikufa mwaka gani?" aliuliza Lambert.

"Ule mwaka weye ulinunua hiyo suruali."

"Basi tuizike na suruali pamoja. Weye utalia?"

"Nitalia samaki. Suruali iko na bajukuu, batalia bao benyewe."

Watu wakajaa, wengine wakisahau walichokuja kununua. Mwalimu Barnabé, aliyeongoza kundi la michezo ya kuchekesha katika ukumbi wa kambi ya wafanyakazi, aliwatazama wawili hawa kama mtu anayetazama mbuzi wa kununua. "Mukuye Jumapili," akawaambia. "Musibadirishe kintu. Hata suruali."

Ndivyo Lambert alivyokuwa Tata Bretele, yaani Baba Bretele, na Émérence Mama Makelele, mke wake wa jukwaani. Kila Jumapili mchezo ulianza vilevile. Mama Makelele alisimama mlangoni na mwiko wa kusongea bukari, ugali wa kwetu, akapaza sauti: "Bretele, uko wapi?" Na nyuma ya pazia sauti ikajibu: "Niko mu njia, mama! Niko nakuya!" Ukumbi ukaanguka kicheko, maana wote walijua kwamba mwanamume yule yupo nyuma ya mlango siku zote, anaogopa kuingia.

Mchezo wa miaka mingi ni kama nyumba ya kupanga, watu huhama. Aliyecheza jirani yao alipohamishiwa Kolwezi, Barnabé alimhamisha na yule jirani wa mchezoni, na tangu hapo Bretele akalalamika kila wiki kwamba yule bwana aliondoka na nyundo yake. Germaine, aliyecheza binti yao, alipoolewa akaacha mchezo, aliletwa Émilienne, mfupi, mwembamba, hata sura hawakufanana. Mama Makelele alimtazama tangu kichwani hadi miguuni akasema, "Malaria ilikukausha, mutoto yangu," na mambo yakaishia hapo. Lakini mzee Étienne, aliyecheza baba mkwe, alikufa kweli, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kuchukua nafasi yake. Walikiacha kiti chake jukwaani na Bretele alikisalimia kila alipoingia.

Kwa nini hawakuthubutu? Kwa sababu nafasi ya marehemu ina desturi yake kwetu. Mtu huchaguliwa, mjane humvika mavazi ya marehemu kwa mkono wake mwenyewe mbele za watu, wazee humpaka unga mweupe usoni, na tangu siku hiyo jina la marehemu ni lake. Huko ndiko kupyana. Ukimfanyia hivyo mtu aliye hai, umemzika anapumua. Si jambo la kuchezea, na Barnabé, pamoja na utani wake wote, hakulichezea.

Mapenzi ya Lambert na Émérence yalizaliwa jukwaani yakachelewa kushuka. Ilichukua muda mrefu, na maandazi mengi ya kusindikizana njiani, hadi Lambert akasema.

"Émérence, kila Jumapili unanigombeza bure. Nikuoe basi, unigombeze na haki."

"Baba yangu ataomba mbuzi."

"Nitamupa mbuzi na bretele juu."

"Bretele hapana, sheri. Suruali itakuangukia mbele ya bakwe."

Mzee Casimir, baba yake, alinung'unika kidogo kwa sababu Lambert alikuwa mtu wa asili ya Kasai, mkoa wa mbali, na wao ni watu wa ziwani, kisha akakubali, maana hata yeye alikuwa anacheka Jumapili. Wakapanga: mvua ikianza, posa.

Mvua ya mwaka 1992 haikuwa imeanza watu wa asili ya Kasai walipoanza kutolewa majumbani kwa mawe. Wakubwa wa mkoa walikuwa wamehubiri kwamba hao ni wageni wanaokula kazi za wenyeji. Babu yake Lambert aliletwa na kampuni kuchimba shaba. Lambert alizaliwa Panda, mtaa wa hapa hapa Likasi, akabatizwa Panda, akavunjika mguu akicheza mpira Panda. "Rudia kwenu," waliomwambia hivyo ni wale wale aliocheza nao mpira. Kwao wapi? Akaishia stesheni ya gari moshi yeye na mama yake Mathilde, kati ya maelfu waliolala chini ya maturubai wakingoja treni isiyojulikana siku wala saa.

Émérence aliwapelekea bukari na sombe, yale majani ya muhogo. Alimkuta Lambert amekonda, ndevu zimemvamia shavuni.

"Nitaenda na weye," alimwambia.

"Kasai? Hata minye sipajue kule."

"Basi tutapotea wawili."

Lambert akacheka, kicheko chake cha kwanza tangu mawe. Akafungua bretele zake, akafunga suruali kwa kamba ya turubai, akamwekea zile kanda mapajani. "Chunga hizi. Barnabé atataka kuniua mu muchezo. Kataa. Sema nilisafiri. Muntu mwenye kusafiri, bantu banamungojea."

"Sitakubali ufe. Jumapili, muchezo ukiisha, nakuya na bintu yangu yote. Uningojee."

Jumapili ukumbi ulijaa hadi madirishani, maana watu wenye hofu hupenda kucheka. Vijana wenye fimbo walikuwa wamesimama mlangoni. Walikwisha kumwambia Barnabé kwamba hawataki kumsikia yule mtu wa Kasai.

"Binti, iko namna mbili," alisema Barnabé nyuma ya pazia, hamtazami usoni. "Ao Bretele anakufa leo, ao Théodore anaingia sawa njo yeye, hatusemi kintu. Tulifanya vile na Émilienne."

"Sema alisafiri."

"Tukisema alisafiri, batauliza nani alimusafirisha. Nani atabajibu, weye? Asiyekuwapo na lake halipo, binti yangu."

Émérence aliwaza haraka, na aliwaza kwa mapenzi. Kufa, hapana. Heri jina libebwe na mwingine kuliko lifukiwe. Lambert akirudi atalikuta mahali pake. Akazitoa bretele kwenye mfuko akampa Théodore, mtu mpole aliyezoea kucheza polisi asiyesema neno.

Akasimama mlangoni na mwiko. "Bretele, uko wapi?"

"Niko mu njia, mama," ilijibu sauti nyembamba ya Théodore. Akaingia, bretele zinaning'inia nyuma kama mkia. Alikuwa ameshindwa kuzifunga. Watu wakaguna. Émérence akaona mchezo unamfia mikononi, akafanya alichofanya kila Jumapili kwa Lambert: akamgeuza mwanamume, akazipandisha zile kanda mabegani pake, akazifunga, akampigapiga kifuani.

Kwenye benchi la mbele akainuka mama Clotilde, mwanamke mzee ambaye hakuna msiba wa kambi uliompita. Akapanda jukwaani polepole, akatia mkono kwenye sufuria ya unga wa bukari, akampaka Théodore paji la uso. "Bretele alipyanwa," akasema. Wanawake wakapiga makofi yale ya taratibu, ya kupokea mrithi. Émérence akaitazama mikono yake mwenyewe, na ndipo akaelewa ilichofanya.

Hakungoja mwisho. Alibeba furushi lake akakimbia, lakini habari mbaya haina mzigo, ilikwisha kufika stesheni. Alimkuta Mathilde amekaa ardhini bila kilemba, anamlilia mwana aliyekaa kando yake.

"Ulikuya kuangalia maiti?" aliuliza Lambert.

"Sikiliza. Balitaka ufe. Nilikataa."

"Ulimuvalisha na mukono yako?"

"Ndiyo. Alishindwa kufunga nyuma."

"Hata minye nashindaka kufunga nyuma. Siku zote njo weye ulikuwa unanifungia."

"Mikono ilizoea, Lambert. Ilitangulia mbele ya kichwa. Nilifikiri minakuchungia nafasi, na kumbe nilikuzika. Unipige kama unataka."

Hakumpiga. Alikunjakunja ncha ya ile kamba kiunoni, na hilo lilimuuma Émérence kuliko kofi.

Treni ikaja watu hawajajiandaa. Yakawa makelele, magodoro, watoto wakipitishwa madirishani. Lambert alimpandisha mama yake kwenye behewa la mizigo, na Émérence alipotupia furushi lake ndani, Mathilde akalirudisha chini kwa mguu.

"Huyu hapana. Mujane hapandi train moja na maiti yake."

Lambert alimtazama mama yake, akamtazama Émérence. Hakuwa na nguvu ya kugombana na mwanamke aliyebakiza mwana tu duniani. Akainama mlangoni mwa behewa, mkono mmoja umeshika suruali, maana kamba ilikwisha kulegea.

"Hasira yake itapoa. Nikipata hata chumba kimoja nitakuita. Utakuya?"

"Hata na miguu."

"Basi niulize."

"Nini?"

"Niulize sawa vile kila Jumapili."

Treni ilikuwa imeanza kusogea. Émérence akaifuata, furushi kichwani, akapaza sauti. "Bretele, uko wapi?"

"Niko mu njia, mama! Niko nakuya!" Akapunga kwa mikono miwili, akasahau suruali, ikamtelemka hadi magotini. Behewa zima likacheka. Hata Mathilde alicheka, machozi hayajamkauka.

Mvua ilipoanza, mfanyakazi wa reli aliyetoka Kamina alikuja kumtafuta sokoni. Alisema behewa lile lilikaa juani siku nyingi kwenye stesheni ndogo, maji hakuna, watu wakaharisha. Lambert Ntumba alizikwa kando ya reli, hajaiona Kasai. Mama yake aliendelea na safari peke yake.

Émérence alirudi nyumbani akajitupa chini akalia. Majirani wakaja, wakasikiliza, wakatazamana. "Bretele gani?" akauliza mmoja, na hakuwa na ubaya. "Jumapili tulimuona. Hata alinenepa." Mzee Casimir akakaa karibu na bintiye akamwambia kwa upole kwamba mtu akishapyanwa kilio chake kimefungwa, hakuna mkeka unaotandikwa mara ya pili. Jioni wakatawanyika, kila mtu kwake. Hakuna aliyelala naye, hakuna aliyewasha moto uani. Alikuwa na maiti ambayo mji mzima uliamini inatembea, na uchungu wa kuililia peke yake ulitaka kumtoa roho.

Basi Jumapili akaenda ukumbini, kwa kuwa hakuwa na mahali pengine pa kumpeleka marehemu wake. Habari ya kifo alimwambia Théodore peke yake, nyuma ya pazia. Kisha akasimama mlangoni.

"Bretele, uko wapi?"

Kimya. Watu wakacheka, wakadhani ni mtindo mpya.

"Bretele, uko wapi?"

Vicheko vikapungua. Aliuliza mara ya tatu, na safari hii hakuna aliyecheka. Théodore akatoka, bretele hazimo mabegani bali mikononi, akazilaza juu ya mikono ya Émérence.

"Hakufika, mama," alisema.

Émérence aligeuka kwa watu. Aliwaona wote: waliompigia Bretele makofi, waliofunga madirisha yao siku ya mawe, wale wa mlangoni wenye fimbo.

"Lambert alikufa mu njia," akasema. "Siku tulimupyana, alikuwa muzima. Mukono ilikuwa yangu, na makofi ilikuwa yenu. Sasa njo mulie."

Vijana wa mlangoni, baadhi wakatoka nje. Mmoja akavua kofia, akabaki. Mama Clotilde akafungua kilemba chake, akakaa chini kwenye sementi, na wanawake wa benchi lake wakakaa naye. Barnabé akaleta kiti cha mzee Étienne, Émérence akakaa, na kilio kikaanza.