Doa Lisilo na Mshipa

"Doa halina mshipa," ilisema sauti ya kike kwenye simu. "Wiki tatu nyuma nilikwambia. Leo nnakwambia tena."

Mahfoudh alikaza mkono kwenye pikipiki yake ya Honda, akalipita lori la saruji pale Darajani kwa upenyo wa kidole.

"Sindano saa ngapi?"

"Saa kumi. Ikimwingia hiyo ya tatu, na jicho la kulia linakwenda."

Ilikuwa saa nane na robo.

Aliyepiga simu ni Daktari Bashira, bingwa wa kusoma picha za ubongo. Mwenye jicho ni Ummkulthum, mshona kofia wa Mlandege, na aliyemwingiza katika ujasusi ni Mahfoudh mwenyewe.

Kisa kilianzia Uroa. Daktari wa kigeni aitwaye Verhaegen alifungua kliniki yenye MRI ya kisasa, mashine ya sumaku ya kupiga picha za ndani ya mwili, akawa anawadunga watu dawa ya magendo isiyoidhinishwa popote. Alichotaka ni matokeo ya majaribio ya kupeleka kwao. Kila aliyefika na macho mazito au miguu ya ganzi aliandikiwa ugonjwa mmoja wa neva, MS. Ummkulthum alikuwa na ukungu wa kweli machoni, na Mahfoudh akaona mlango ndio huo. Alimpa simu yenye kamera kali, akamfundisha kuiba picha zake mwenyewe.

Bashira alizisoma kwa siku moja. Katika MS, alieleza, picha moja maalumu huonyesha mshipa mwembamba wa damu uliopita katikati ya doa la ubongoni. Madoa ya Ummkulthum hayakuwa nao, na neva za macho zilikuwa zimevimba kwenda mbali nyuma. Huo ni ugonjwa mwingine, NMO. Kwa macho ya haraka ni pacha wa MS, ila dawa ya mmoja inaweza kumpofua mwenye mwenziwe. Mtoe leo hii, alimhimiza.

Lakini Mahfoudh alikuwa hajajua lilipo ghala la dawa zile za magendo.

"Kawia ufike," alimjibu, tena kwa maringo.

Basi akakawia. Ummkulthum akadungwa sindano ya pili, jicho la kushoto likazima. Tangu siku ile Mahfoudh halali vizuri, na haki yake asilale.

Redio ikakoroma. "Kengewa, ghala?" Huyo ni Bi Salhiya, mkuu wake, akimwita kwa jina lake la kazi.

"Nipo mlangoni."

Nyumba hii ya Mlandege aliwahi kuifikia katika kulitafuta ghala, akageuka kwa adabu. Ndani mlikuwa na mjane anayekaa eda, na mwanamume wa kando haingii. Asubuhi ya leo, kikombe cha chai mkononi, ndipo alipokumbuka kuhesabu miezi.

"Hodi. Shikamoo, Bi Mashavu."

"Marahaba. Usiingie, mwanangu. Mie nimo eda."

"Mume alifariki lini?"

"Kabla ya Ramadhani."

"Maulidi yashapita, Bi. Eda ni miezi minne na siku kumi. Hii ya miezi saba kakufundisha nani? Na kwa umri wako, huna mimba ya kungojea."

Komeo likavutwa.

"Yussuf kanambia ni dawa za macho," alisema bibi, uso kautupa chini. "Kanambia nikikaa ndani, hapana atakayepekua."

Yussuf, mpambe wa Verhaegen, alichomoka chumba cha nyuma na bastola. Mahfoudh alimtia kiwiko cha koo kabla hajailenga.

Pingu.

Nyuma yake friji tatu, zimejaa chupa.

"Kengewa hapa. Ghala limepatikana."

"Polisi wanakuja hapo. Na mzungu?"

"Nnamwendea."

Dunga. Chwaka. Uroa.

Saa kumi kasoro dakika tano.

Verhaegen alikuwa chumba cha MRI, sindano mkononi, Ummkulthum kalazwa kitandani mwa mashine.

"Ingia na bastola yako," alisema kwa Kiswahili cha kujifunza. "Sumaku itaipokea."

Sumaku ile haizimwi kama taa. Mahfoudh aliweka chini Glock, redio, saa ya Casio na mkanda wa suruali. Akaingia na mikono yake tu, suruali inamlegea.

Verhaegen aliishusha sindano kuelekea mkono wa mgonjwa. Mahfoudh aliudaka mkono wa daktari hewani, akauzungusha. Kifundo kikalia. Sindano ikasagika chini ya kiatu, na daktari akafungwa kwa mpira wake mwenyewe wa kukazia mishipa.

"Nani?" aliuliza Ummkulthum.

"Mie, Mahfoudh. Nimewahi."

Alishusha pumzi. Kisha akauliza polepole, "Bashira kazisoma lini picha zangu?"

Mahfoudh alifundishwa kusema uongo kwa lugha nne. Aliona haya kutumia hata moja.

"Wiki tatu nyuma."

"Kabla ya sindano ya pili."

"Kabla. Nilijua, nikanyamaza. Nilitaka ghala."

Alinyoosha mkono amsaidie kushuka. Ummkulthum akaupapasa, akautambua, akauachia.

"La kushoto ndilo nilokuwa nikitazamia matundu ya kofia," alisema. "Niitie Bashira. Mkono wako siutaki."

Bashira alifika na gari la wagonjwa, akamwangaza kwa kurunzi. "La kulia tutaliwahi, dawa yake naianza leo," alimwambia Mahfoudh bila kumtazama. "La kushoto basi tena."

Mahfoudh alitoka nje, akafunga mkanda, akachomeka Glock kiunoni.

"Hongera, Kengewa," ilisema redio. "Kazi safi. Wakubwa wanataka ripoti. Tuna majeruhi upande wetu?"

"Mmoja. Ummkulthum, jicho."

"Kajeruhiwa na Verhaegen?"

"Andika Mahfoudh Msabah."

Kwenye redio jasusi hajitaji jina lake la kweli.

"Kengewa, rudia."

"Umenisikia, Bi Salhiya. Andika hivyo hivyo."

Akavaa kofia ya chuma, akaiwasha Honda na kushika njia ya mjini kwa mwendo wa kawaida.