Koti Lenye Kiraka cha Bluu

Zamani, katika chumba kile, kitu cha kwanza kusikika asubuhi kilikuwa kikohozi. Mpaka rangi, mwanamume aliyepaka nyumba za watu, alikohoa. Mama yake alimuuliza kama amepata usingizi. Mke wake aliinuka akawasha jiko. Sasa mpaka rangi amekufa, na asubuhi chumba kiko kimya. Mama yake bado huamka saa ile ile. Hukaa kitandani akitazama ukuta.

Waliobaki ni wawili tu, mama huyo na mkwe wake. Mkwe watu humwita Fundi, kwa sababu alishona miaka kumi na mmoja katika kiwanda cha nguo. Siku moja wafanyakazi walikuta kufuli kubwa langoni. Walisimama pale hadi mchana, kisha wakarudi makwao. Fundi alibaki na cherehani yake mwenyewe, iliyo chini ya dirisha. Alibaki pia na mkono wa kushona ambao mtaa mzima uliusifu. Lakini sifa hazichemki chunguni. Watu waliacha kushonesha nguo, kwa kuwa mitumba ilikuwa rahisi zaidi.

"Mwanangu," mama mkwe alisema asubuhi moja, "yule mwenye karakana ameulizia tena cherehani."

"Haiuzwi, mama."

"Sasa tutaila? Nimemwambia aje mwisho wa mwezi na mkokoteni wake. Usinikasirikie. Nimezika mtoto. Sitaki kukuzika na wewe kwa njaa."

Fundi aliinuka. Aliifunika cherehani kwa khanga, kama mtu anayemfunika mgonjwa. Cherehani ikiondoka, yeye atakuwa nani? Swali hilo lilimtisha kuliko njaa.

Aliwaza hivi: kama watu wanataka mitumba, basi na mimi nitauza mitumba. Alichukua akiba yake ndogo akaenda kwenye duka kubwa la barabarani. Duka lile lina vioo kila ukuta na taa nyingi. Fundi alianza kugeuza mapindo ya nguo na kutazama mishono. Hapo ndipo alipoharibikiwa. Aliona gauni la sherehe lililotiwa shanga kwa mkono, moja baada ya nyingine. Aliona majaketi mawili ya ofisini yenye bitana ya ndani iliyoshonwa vizuri ajabu. Aliona blauzi ya hariri. Moyo wake uliyeyuka. Alinunua vyote.

Nyumbani alitundika nguo dirishani. Blauzi hakuitundika. Aliiweka sandukuni mwake, maana alisikia uchungu kuiuza.

Watu walipita. Waligusa, wakasifu, wakaenda zao. "Gauni zuri hilo!" alisema mwanamke mmoja. "Siku nikialikwa ikulu nitalijia." Wiki ikaisha. Hakuna hata nguo moja iliyotoka.

Siku ya nane alipita Dobi na furushi lake kichwani. Dobi alikuwa rafiki wa marehemu, naye ni mtu wa maneno mengi. Alisimama dirishani, akashusha furushi.

"Shemeji! Mbona umetundika harusi na bwana harusi hayupo?"

"Niache, shemeji. Sina nguvu za utani leo."

Dobi alichukua jaketi moja akaligeuza ndani nje, akalipeleka juani. "Njoo uone. Kwapa limepauka. Na hapa bitana imeanza kuachia. Hukuona?"

"Kule dukani halikuwa hivi."

"Kule dukani kuna taa nyingi kuliko ukumbi wa dansi. Taa zile zinaficha madoa." Alilirudisha jaketi. "Lakini kosa lako si hilo. Wewe umenunua mshono. Hukununua nguo. Hebu niambie, hapa mtaani wanakaa nani?"

"Walinzi. Wafagiaji wa hospitali. Wapishi wa shule. Wapagazi wa sokoni."

"Mpagazi anabeba gunia na shanga kifuani?"

Fundi alicheka. Hakuwa amecheka tangu mazishi. Mara moja akaona haya, akatazama kitanda cha mama mkwe. Mama mkwe alikuwa ameugeukia ukuta.

"Sasa nifanye nini?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Mwisho wa mwezi cherehani inaondoka."

Dobi aliacha utani. "Nisikilize. Mimi nafua nguo za mtaa mzima. Kuna nguo huja kwangu mara ishirini na bado haijachoka. Nikiona hivyo, humuuliza mwenyewe ameipata duka gani. Kwa hiyo maduka mazuri nayajua bila kuyaingia. Jumamosi nitakupeleka. Ila kabla ya hapo, zunguka uwaulize watu wanahitaji nini. Wapime, andika. Usiende dukani na macho yako. Nenda na mahitaji yao."

Fundi alichukua futi yake ya kupimia na daftari. Aligonga milango. Mpishi alitaka sketi nyeusi ya kazini. Mfagiaji alitaka suruali mbili ngumu. Mlinzi wa ghala la nafaka, mtu mrefu asiyependa kuongea, aliwaza kidogo.

"Koti," alisema. "Zito. Pale getini baridi inaingia mpaka kwenye mifupa."

Fundi alimpima mabega na mikono, akaandika.

Jumamosi walitembea. Duka la kwanza lilikuwa nyuma ya soko. Nguo zilimwagwa chini juu ya turubai.

"Hapa ni rahisi," Dobi alisema, "lakini mzigo unafunguliwa Jumanne asubuhi. Leo wenzako wamekwisha kuchagua. Unayoyaona ni makombo."

Duka la pili lilikuwa dogo, kwenye uchochoro karibu na zahanati. Halikuwa na kioo wala mapambo. Mwenye duka alikuwa mama aliyefunga miwani yake kwa uzi. Yeye hununua kutoka kwa familia, kipande kimoja kimoja. Hupokea nguo zilizofuliwa tu.

"Hapa ndipo nguo imara zinapotoka," Dobi alinong'ona. "Usitazame rangi ya mlango."

Fundi alichukua sketi nyeusi. Dobi alimkoholea.

"Mlangoni," alisema. "Nguo haichaguliwi gizani."

Fundi aliipeleka mlangoni, kwenye mwanga wa jua. Aliigeuza ndani nje. Alifungua zipu na kuifunga, mara mbili. Alivuta lastiki kiunoni kuona kama inarudi. Alinusa. Kisha aliinua kitambaa juu, akatazama jua kupitia humo. Kitambaa kilichochakaa hupitisha mwanga; hiki hakikupitisha.

"Kifungo kikikosekana, je?" Dobi aliuliza.

"Kifungo nitaweka. Pindo nitashona. Zipu nitabadilisha."

"Na doa la mafuta la zamani? Na kitambaa kilicholegea?"

"Hivyo sina dawa navyo. Naiacha."

"Hata mshono ukiwa mzuri?"

Fundi alikuna kichwa. "Hata ukiwa mzuri," alisema, lakini ilimuuma.

Walipokuwa wanatoka na nguo walizonunua kwa akiba iliyobaki, Dobi alimkumbusha kuuliza nguo mpya hutundikwa lini. "Jumatano," alijibu mwenye duka. "Uje mapema. Na kama una watu wanaotaka kitu maalumu niambie, nitakuwekea."

"Natafuta koti zito la mlinzi mrefu."

"Makoti nimeyafungia sandukuni. Wakati wa joto hakuna anayeyatazama. Nitayatoa baridi ikianza."

Nyumbani Fundi alifua, akapiga pasi, akaweka vifungo vipya. Kila aliyekuja aliambiwa ukweli. "Hapa palikuwa na tundu, nimeziba. Ukiona hupendi, usichukue." Watu walitazama lile tundu lililozibwa, wakachukua. Kwa siku nne nguo zote alizoleta zilitoka. Alirudi dukani Jumatano, na Jumatano iliyofuata. Majaketi mawili yalitoka kwa hasara. Lile gauni alilifumua shanga, akalipunguza bei, na mwimbaji wa kwaya akalinunua. Blauzi ya hariri bado ilikuwa sandukuni.

"Ile nyingine iko wapi?" Dobi aliuliza. "Ulinunua vipande vinne."

"Nimeiweka tu."

"Shemeji, ukianza kuvaa mali ya kuuza, utakuwa na kabati zuri na jiko baridi."

Fundi aliitoa blauzi. Iliuzwa kwa mwalimu.

Mama mkwe aliyaona yote hayo asiseme kitu. Alikula kilichopikwa, akarudi ukutani. Ahadi yake kwa mwenye karakana hakuifuta.

Baridi ilianza ghafla. Jumatano ya mwisho ya mwezi Fundi alifika dukani mwenye duka akiwa bado anatundika makoti. Lilikuwepo la kahawia, zito, refu. Fundi alilichukua akalipeleka mlangoni, kama alivyofundishwa. Alishika mkono wa kushoto akageuza kiwiko.

Kwenye kiwiko kulikuwa na kiraka cha bluu.

Kiraka kile kilikatwa kwenye sare ya Fundi ya kiwandani. Uzi ulikwenda mara mbili kila upande, kwa mishono midogo iliyopandana. Hakuna mtu mwingine anayeshona hivyo. Fundi alishika mlango.

Koti lile lilikuwa la mumewe. Mwaka uliopita alirudi nyumbani bila koti, amelowa mvua. Alisema amelisahau kwenye basi. Fundi alimfokea. "Mtu mzima unapoteza koti kama mtoto wa shule!" Mumewe alicheka kidogo, akakohoa. Fundi hakusema naye siku tatu. Na wiki ile ile, ndiyo, sasa alikumbuka, mumewe aliingia na unga, mafuta na sabuni. Alisema amepata kibarua cha kupaka uzio. Mtu aliyekuwa hawezi kuinua ndoo!

"Aliyeleta hili koti..." Fundi alianza.

"Namkumbuka," alisema mwenye duka. "Mwembamba, anakohoa sana. Nilitaka kumlipa kidogo kwa sababu ya kiraka, akakataa. Aliniambia, 'Mama, kiraka hicho ni bora kuliko koti lenyewe. Tazama mshono.' Akaondoka na mvua inanyesha. Unamjua?"

"Namjua," Fundi alisema.

Mikono yake iliendelea na kazi peke yake. Ilikagua kwapa, kola, vifungo. Ilitafuta mifukoni, pengine kuna karatasi, pengine kuna chochote. Mifuko ilikuwa mitupu. Alilipia koti, akatembea hadi nyumbani akilia waziwazi barabarani, na watu wakampisha.

Mama mkwe alilitambua kabla halijafika kitandani. Alilipokea, akaweka uso wake ndani ya kola. Lilinuka sabuni tu.

"Alisema amelisahau kwenye basi," alisema.

"Aliliuza, mama. Tulikula koti hili. Na mimi nikamnunia siku tatu." Fundi alikaa sakafuni. "Hili haliendi popote. Litakaa sandukuni."

Kisha mama mkwe aliuliza, "Yule mlinzi alikwambia anataka koti?"

"Mama, usianze."

"Nakuuliza. Aliagiza?"

"Aliagiza."

"Mwanangu alilivua ili sisi tule. Hakulivua ili liliwe na nondo." Sauti yake ilikatika, akaishika tena. "Mwite huyo mlinzi. Wewe kaza vifungo."

Fundi aliketi kwenye cherehani, lakini vifungo alivikaza kwa mkono. Mlinzi alikuja, akalivaa. Lilimkaa sawasawa. Fundi alimwambia kama alivyowaambia wengine wote.

"Kiwiko kina kiraka. Ukiona hupendi, usichukue."

Mlinzi alikikunja kiwiko, akakunjua, akapitisha kidole kwenye uzi. "Hiki hakitoki. Nani kashona?"

"Nimeshona mimi."

Mlinzi alilipa bei ya kawaida, akashukuru, akaenda kazini.

Siku mbili baadaye mwenye karakana alifika akisukuma mkokoteni. Alimkuta mama mkwe amesimama mlangoni kwa miguu yake mwenyewe.

"Rudi nao mtupu, baba," alimwambia. "Cherehani ina kazi. Lakini suruali yako imechanika nyuma. Ingia, mkwe wangu akushonee."

Siku hizi daftari la Fundi lina kurasa za maduka. Ameandika lipi linafungua mzigo Jumanne, lipi Jumatano, lipi la kuliepuka. Dirishani hakuna shanga. Kuna sketi za wapishi na suruali za wapagazi, na hazikai sana. Bado yako mambo ambayo Fundi hawezi kuyashona. Zile siku tatu hazirudi, na anajua.

Saa kumi na mbili jioni mlinzi hupita kwenda ghalani. Mama mkwe huwa ameshatoa kigoda chake nje. Husalimiana naye kwa maneno mawili tu. Hukitazama kiraka cha bluu mpaka kipotee kwenye kona. Kisha huingia ndani, na wale wanawake wawili huwasha jiko.