Ndege Ni Saa Kumi na Moja

"Cheche, uko wapi? Saa kumi na moja hii imefika."

Fundi wa kuchomelea vyuma, aliyeitwa Cheche na mkewe tu, alikuwa kwenye foleni ya kuingia ndani ya ndege, begi begani.

"Ndiyo kwanza napanda, mke wangu."

"Unapanda? Si uliniandikia ndege ni saa kumi na moja? Wodi nzima inajua unaingia jioni hii. Mpaka nywele nimechana!"

Fundi akaukumbuka ujumbe wake. Asubuhi aliandika kwa pupa: "Nimepata tiketi. Ndege ni saa kumi na moja. Nisubiri."

"Nilimaanisha ni saa kumi na moja za kuwa angani, mpenzi. Ni kilomita elfu tisa!"

Kikasikika kicheko chembamba cha mgonjwa.

"Wewe na saa! Hata harusini tulikungoja."

"Daktari anasemaje?"

"Utumbo umejisokota. Alitaka kunipasua tangu asubuhi, nikakataa kusaini. Nilitaka kwanza unishike mkono. Miaka minne hatujaonana, Cheche."

"Saini sasa hivi! Nakuomba!"

"Nimeshasaini. Hao wanakuja kunichukua. Naogopa."

Fundi alikuwa ameshaingia ndani, na abiria wote walikuwa wameshakaa. Mhudumu wa ndege alipaswa kumwambia azime simu. Badala yake akampa mgongo, akajifanya anapanga mizigo iliyokwisha kupangwa.

"Nipo na wewe," fundi alisema.

"Sikusikii vizuri. Hebu rudia..."

Laini ikakatika.

Kioo kilichokuwa mbele ya kiti chake kilihesabu kilomita zilizobaki. Elfu nane na mia saba. Elfu sita. Chakula hakukigusa. Mzee wa kiti cha jirani alipomwona analia, alimgawia nusu ya blanketi lake. Walipotua, mhudumu alisema maneno machache kwenye kipaza sauti, na ndege nzima ikabaki imekaa ili fundi atangulie kushuka.

Alifika hospitali kunapambazuka. Mdogo wa mkewe alikuwa kwenye benchi, amepakata ndala za dada yake. Fundi alipoziona zile ndala, hakuuliza.

"Shemeji, tulichelewa kumleta," binti alisema haraka haraka, macho chini. "Alifika hali imeshaharibika. Hata angepasuliwa papo hapo, isingesaidia kitu."

"Nani kakutuma useme hivyo?"

Binti akainua macho.

"Yeye mwenyewe. Wakiwa wanamsukuma kwenda kupasuliwa. Alisema asipotoka, nikuambie hivyo, na ukibisha nikuapie."

Fundi alikaa kando yake. Alizichukua zile ndala taratibu, akaziweka mapajani mwake, akazifuta vumbi kwa kidole gumba, moja, kisha ya pili. Binti alikuwa anasubiri huku amebana pumzi, kama mtoto aliyevunja chombo cha watu.

"Usiape," fundi alisema mwishowe. "Mlichelewa kumleta."

"Ndiyo, shemeji."

"Mlichelewa tu."

"Ndiyo, shemeji. Tulichelewa."