Milio Mitatu kwa Pumzi Moja

Ukingo wa korongo ulimomonyoka chini ya gurudumu la nyuma. Pikapu ikakwaruza kokoto, ikateleza nzimanzima, ikalala ubavu. Vumbi halijatua, Mama Bunduki alikuwa ameshatoka kupitia dirishani na anamvuta dereva, shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, kwa kwapa.

"Taratibu, shemeji! Huo mguu si kamba," dereva alilalamika.

"Basi usiutikise kama kamba."

Muundi wake ulikuwa umevunjika, na damu ilitoka chini ya goti. Mama Bunduki alirarua bitana ya koti lake akalifunga jeraha, kisha akaubana mguu kati ya mbao mbili za bodi ya gari. Maji yalibaki nusu chupa. Kambi ilikuwa nyuma ya kilima cha mawe. Kumbeba mwanamume mzima kuvuka mawe yale hakuweza, na kumwacha hakutaka, maana ng'ambo ya korongo fisi alikuwa ameshatokeza. Alikaa kitako, kama mgeni anayengoja kupakuliwa chakula.

"Umemwona mwenzetu?" shemeji aliuliza.

"Nimemwona. Hatakula hapa leo."

Wawindaji wa nguruwe pori wa kundi lao walikuwa na sheria yao. Mlio mmoja ni nyama: kila mtu abaki alipo, asije akapigwa risasi bure. Milio mitatu kwa pumzi moja ni shida: njooni mbio. Na bunduki ya marehemu ilikuwa ya kujilisha risasi yenyewe, kwa hiyo milio mitatu ilikuwa kazi ya kidole tu.

Akaielekeza juu ya korongo tupu, akafyatua. Paa! Akafyatua tena. Kimya. Ganda la risasi lilikuwa limekwama nusu nje. Akalichokoa kwa kucha, akaingiza risasi nyingine, akajaribu. Paa! Likakwama vilevile.

"Kule kambini wanawasha moto," shemeji alisema, meno yakigongana. "Wanajua tunawaletea nguruwe wawili."

Na hawatasogea hata hatua moja, aliwaza Mama Bunduki. Akainusa bunduki.

"Nani ameigusa hii?"

Shemeji aliangalia mawingu. "Niliipaka mafuta juzi. Nilitaka ing'ae kama enzi za kaka."

"Mafuta gani?"

"Grisi. Ya gari. Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kopo... liliisha."

Mama Bunduki angeweza kumtukana mpaka jua lizame. Akameza tusi, akalichokoa ganda, akatoa risasi tatu zilizobaki, akahakikisha kwa kidole kwamba chumba cha risasi ni kitupu. Akatandika koti juu ya jiwe, akafungua kifuniko cha mbele, akachomoa mti wa kushikia ulio chini ya mtutu, kisha mtutu wenyewe. Chini yake pistoni ilikuwa imezama katika uji mweusi wa grisi na vumbi. Risasi ikilia, moshi wa baruti huchepukia kwenye vitundu vya mtutu, huisukuma pistoni, na pistoni hulitupa ganda. Hii haikuwa na nafasi hata ya kukohoa.

Alikinga petroli iliyokuwa ikidondoka garini kwa mfuniko wa chupa, akaenda kukaa mbali na gari. Akaosha pistoni, akaipangusa. Vitundu akavizibua kwa waya wa taa, bila kuvipanua. Fisi alivuka korongo.

"Shemeji, fanya haraka."

"Mtupie jiwe. Mkono haujavunjika."

Akatupa. Fisi akarudi nyuma kidogo, akakaa tena.

Mama Bunduki akakausha kila kipande kwa upepo mpaka harufu ya petroli ikaisha. Hakurudisha mafuta, ila yale kidogo yaliyoshika kidole alichokipitisha kwenye nywele zake. Akairudisha pistoni mahali pake, akaiinamisha bunduki. Tk. Pistoni ikateleza yenyewe. Akaunga mtutu, akakaza kifuniko, akaingiza risasi zote tatu. Ya kujaribia haikuwepo.

"Ikigoma?" shemeji aliuliza.

"Nitampiga kwa kitako cha bunduki."

Akaibana begani.

Paa! Paa! Paa!

Maganda matatu yaliruka yakagonga mawe. Fisi alitimua vumbi. Kisha kimya, kirefu mpaka shemeji akamshika pindo la suruali. Ndipo nyuma ya kilima honi ya lori ikalia, ikalia tena, ikikaribia. Mama Bunduki akampa maji yote yaliyobaki.

Msimu uliofuata, shemeji, ambaye sasa alichechemea, alikaa kwenye benchi jikoni, akiipangusa bunduki kwa kitambaa karibu kikavu. Akaiinamisha, akatega sikio. Tk.

"Sikia hiyo," alisema kwa majivuno.

Mama Bunduki akaichukua, akaiinamisha mwenyewe, akaitikia kwa kichwa.

"Tunapita njia ipi?" shemeji aliuliza.

"Ileile ya korongo," alisema, akichukua funguo za gari. "Na safari hii naendesha mimi."