Majibu ya Mustapha

Kila alasiri Maryamu alitoka shule, akavua sare, akachota maji, kisha akamwangalia mdogo wake Mustapha mpaka mama yao arudi kutoka stendi ya Mombo, alikowauzia abiria wa mabasi maandazi na mayai ya kuchemsha.

Mwaka huo maduka yalijaa bidhaa za nje. Mjomba wao akaleta kutoka Dar es Salaam mashine ya michezo ya kuwafundisha watoto wadogo. Iliunganishwa na televisheni. Ilitamka herufi, mtoto akaitafuta na kuibonyeza. Akipatia, ilipiga muziki.

"Mchezeshe kila siku," mama alimwagiza Maryamu. "Mwakani anaanza shule."

Siku za mwanzo Mustapha alibonyeza ovyo tu. Maryamu akachoka kumrudia. Akachomeka kwenye mashine kaseti ya mchezo wa mbio za magari aliyoiazima kwa rafiki yake Yuditha, akawa anacheza mwenyewe. Mustapha alikaa sakafuni akitazama.

"Leo amefanyaje?" mama aliuliza kila jioni.

"Amepatia zote, mama."

Mama alifurahi, akawasimulia hata wauzaji wenzake.

Shule zilipofunguliwa, Mustapha hakujibu lolote darasani. Mwalimu Paulina alimdhania mkaidi, kisha akaingiwa na wasiwasi, akamwita mama.

"Ukimwita akiwa amekupa mgongo, hageuki. Nyumbani hamkuona?"

"Hapana, mwalimu. Ana mashine inayotamka herufi, na dada yake anasema anapatia zote."

Walimpeleka hospitali, Maryamu akiwa amembeba mgongoni. Daktari alichungulia masikio yote mawili. Yalikuwa yametunga usaha muda mrefu. La kulia lingepona kwa dawa. La kushoto lilikuwa limeharibika kabisa.

"Mngemleta mapema, tungeliokoa," alisema.

"Lakini alikuwa anasikia," mama alisema.

Maryamu aliinamisha kichwa. "Hakupatia hata moja, mama. Nilikuwa nacheza mimi."

Mama alimbeba Mustapha mwenyewe mpaka nyumbani.

Dawa zilifanya kazi. Mwalimu Paulina alimhamishia Mustapha dawati la mbele, naye akaanza kutamka herufi, polepole.

"Nisamehe, mama," Maryamu alisema jioni moja.

"Ungeniambia umechoka, ningekuelewa siku ileile. Uliniambia anapatia zote, nikakuamini, nikaacha kumchunguza mwanangu. Ukidanganya, anayeumia anakosa hata mtu wa kumtafutia msaada." Mama alijifuta uso kwa upande wa khanga. "Nimekusamehe. Lakini sikio halirudi. Haya, kakae kulia kwake, umsomee."

Maryamu alichukua kitabu, akahamia upande wa kulia.