Nyumba ya Bondeni Temeke

Kesho yake mfungo ulikuwa unaanza, na soko la Kariakoo lilikuwa limefurika watu. Fakihi, fundi saa aliyeshuka melini juzi kutoka Mombasa, alikuwa anabishana na muuza nafaka.

"Nataka mtele, bwana. Mtele."

Mwanamke aliyesimama nyuma yake akacheka. Alivaa gauni la maua ya manjano, kanga begani, na wanja umemkaa vizuri machoni.

"Mpe mchele," alimwambia muuzaji. "Kwao *ch* haijafika."

"Na kwenu adabu imefika?" Fakihi alimuuliza, naye anatabasamu.

Jina lake lilikuwa Tunu. Alikuwa mshonaji, anaishi Temeke kwa shangazi yake, Bi Mwanaheri, aliyekuwa akipangisha vyumba. Jioni ile ile Fakihi akapata chumba. Haukupita muda akawa haondoki kwenda kazini bila kusimama barazani, penye cherehani ya Tunu.

"Saa yangu imesimama, fundi."

"Haijasimama, roho yangu. Inakungoja."

Kiangazi kilipokolea, dalali mmoja aitwaye Mwinshehe akampeleka Fakihi bondeni kuona nyumba inayouzwa. Tunu alifuatana nao. Nyumba ilikuwa imepakwa chokaa mbichi, na bati lake lilimeta. Lakini juani kote kule sakafu ilikuwa baridi, na Tunu alipogusa ukuta, kiganja kilitoka na unyevu. Mlango wa pili, chumba kilichoshikana ukuta na nyumba ile, alikaa mwanamke mtu mzima, Chausiku, mpangaji wa Mwinshehe. Kitanda chake kilionekana dirishani, kimepandishwa juu ya matofali hadi usawa wa kiuno.

"Shikamoo, bibi. Mbona kitanda kiko juu hivyo?" Tunu aliuliza.

"Marahaba." Chausiku alimtazama Mwinshehe, kisha akainamisha macho. "Ndivyo tulivyozoea."

Njiani Fakihi alijaa furaha. "Naichukua. Mama aje kutoka Mombasa, nawe uingie nyumba ya mumeo, si chumba cha kupanga."

"Panga kwanza, mpenzi. Kaa humo masika moja, ndipo ununue. Bendera ni ile ile ya Mwingereza, lakini nchi hii ni ngeni kwako. Hata mie bonde lile silijui, maana miaka hii mvua zimekuwa haba. Ila yule bibi ana hofu."

"Mwinshehe hapangishi ile. Anasema yupo mnunuzi mwingine."

"Basi amuuzie huyo."

Fakihi alipompelekea Mwinshehe maneno hayo, dalali alitikisa kichwa kwa huruma. "Kaka, Bi Mwanaheri anataka kodi yako isikatike. Huyo binti ndiye ndoana yake."

Maneno yakamwingia. Alirudi na kumkuta Tunu anakata kitambaa.

"Kumbe wanizuia kwa ajili ya kodi ya shangazi yako?"

Tunu aliweka mkasi chini. "Mie ni chambo, Fakihi?"

Fakihi aligeuza uso, akatazama mlangoni.

"Nenda," Tunu alisema taratibu. "Mungu akulinde humo ndani."

Angemtukana, ingekuwa nafuu.

Fakihi akanunua, mama yake akaja. Usiku wake wa kwanza mama hakulala, na asubuhi alisema, "Mwanangu, nyumba hii yanuka kisima." Kisha vyura wakaanza kuonekana chini ya mitungi, ilhali mvua haijanyesha.

Ilinyesha Ijumaa moja. Wingu jeusi lilitokea upande wa Pugu, na adhuhuri ikawa kama magharibi. Fakihi aliacha kazi mjini akakimbia. Alipofika, bonde lilikuwa maji ya rangi ya udongo, yanavuta milango na magodoro. Nyumba yake ilikuwa imelala chini. Aliingia majini akaanza kuufukua ukuta kwa mikono, akiita, "Mama, mama," hadi kucha zikatoka damu. Akashika mkono. Ulikuwa baridi. Alipoondoa tope akaona sura ya Chausiku.

"Fakihi."

Tunu alikuwa ukingoni, gauni limemganda mwilini, tope hadi kiunoni.

"Mama yuko kwetu. Nilimchukua wingu lilipotanda."

Fakihi alikaa palepale ndani ya maji, akalia.

Baada ya maziko ya Chausiku walikaa barazani kwa Bi Mwanaheri. Mama alikuwa ndani, amelala. Mwinshehe alikuwa ameshahama mji.

"Mbona yeye hakutoka?" Fakihi aliuliza.

"Nilimwita. Alisema akitoka, Mwinshehe atampa mtu mwingine chumba." Tunu alijifuta macho kwa kanga. "Nilikuwa nimemshika mama yako. Sikuweza kumvuta na yeye. Niliporudi, maji yalikuwa yameshajaa."

Fakihi alitazama kucha zake zilizopasuka.

"Nilikuona chambo," alisema. "Nisamehe. Sasa sina nyumba, na uso wa kukuposa sina."

"Nyumba nilikuomba lini?"

"Hukuniomba."

"Basi ingia ndani, umwambie shangazi unalotaka."

Kabla hajainuka, mvua ilianza upya. Tunu aliushika mkono wake wenye vidonda, akaubana. Wote wawili wakageuza nyuso kuelekea bondeni, wakisikiliza.